Moto Ulioingia Kabla ya Barua

Kwa miaka sita nyasi za shamba la Kameelwater ziliota, zikakauka, zikalala chini na kuoza bila kuguswa na ulimi wa ng'ombe hata mmoja, na kwa miaka hiyo sita Jakurama alizitazama kutoka upande wa pili wa seng'enge. Yeye na ng'ombe wa baba yake walikuwa kwenye ule ukanda mwembamba kati ya ua wa shamba na barabara ya lami, mahali ambapo malori ya mpakani hupita kwa kasi hadi kilemba kinataka kung'oka kichwani. Kulisha pale ni kosa. Polisi walikuwa wameshawakamata ng'ombe wao mara mbili, na lori moja lilimgonga mtamba mwenye mimba, dereva wala hakupunguza mwendo. Lakini wangelisha wapi? Kule kijijini, kwenye ardhi ya pamoja ambako Waherero walisukumiwa tangu enzi za mababu, watu na mifugo walikuwa wamebanana kama kuni kwenye tita, na kilichobaki chini kilikuwa mchanga mwekundu na miiba.

Ng'ombe hawajui mambo ya serikali. Kila asubuhi walitia shingo katikati ya nyaya na kunyoosha ndimi.

"Dada, mwambie huyo mwekundu atoe kichwa," Petrus alipiga kelele kutoka langoni. Petrus alikuwa mlinzi. Kwao kulikuwa mbali, kaskazini, kwa Waovambo, na serikali ilimweka pale alinde shamba lisivamiwe. "Hizo ni nyasi za serikali."

"Kwani serikali inakula nyasi?"

"Haili. Ila haipendi kuona mwingine akila."

"Na ile pampu ya upepo iliyoibwa, ulikuwa unailinda kwa macho ya kuku?"

"Pampu iliibwa nikiwa likizo. Mabati yaliibwa nikiwa naumwa jino." Petrus alicheka mwenyewe. "Nyasi ndizo zimebaki, niachie hizo nizilinde vizuri."

Jakurama alicheka pia, maana ukikutana na mtu kila siku kwa miaka sita huwezi kumnunia siku zote. Lakini rohoni alikuwa na hasira. Serikali ilinunua Kameelwater kwa mzungu mmoja mzee ili igawiwe wafugaji wasio na ardhi, na mzungu akachukua chake akaenda zake pwani. Kamati ya wilaya ikaketi, ikachambua maombi, ikaliweka jina la baba yake, mzee Kaurivi, juu kabisa. Halikuwekwa kwa upendeleo. Kaurivi alizaliwa ndani ya shamba lile, baba yake akiwa mchungaji wa mzungu, na makaburi ya baba na babu yake yako mle ndani, chini ya kilima kidogo, hatua mia tatu kutoka langoni. Kilichobaki ni waziri kutia saini. Waziri akabadilishwa. Aliyekuja akataka majalada yote yapitiwe upya. Yalipopitiwa, ikaonekana ramani ni ya zamani, akatafutwa mpima ardhi. Kila Jakurama alipoomba lifti barabarani kwenda ofisini mjini aliambiwa faili liko Windhoek, makao makuu. Aliyeshiba ni hodari sana wa kumwambia mwenye njaa avute subira.

Sasa mvua ilikuwa imegoma mwaka wa pili. Kati ya ng'ombe arobaini walikuwa wamebaki kumi na tisa, mbavu zinahesabika kwa mbali.

Mwezi wa tano bwana Shikwambi alikuja nyumbani kwao. Alikuwa ofisa wa ardhi wa wilaya, kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, viatu safi. Alikuja kuhakiki kama mwombaji yu hai na ana mifugo kweli. Kaurivi hakumkaribisha chini ya kivuli kama anavyokaribishwa muuza sabuni. Alimpeleka kwenye okuruuo, moto wa wazee, unaowaka kati ya nyumba kubwa na zizi, akamketisha juu ya jiwe. Kwa Waherero wanaoshika ya kale, pale ndipo walio hai wanapoongea na waliokufa. Mwenye moto ni mzee wa kiume. Anayeutunza ni binti yake: kila jioni huchukua kijinga chenye kaa akakihifadhi ndani ya nyumba, kila alfajiri hukitoa akauamsha tena moto. Jakurama aliianza kazi hiyo akiwa na miaka kumi na miwili, na sasa ana hamsini na tatu. Aliolewa, akafiwa, akarudi kwenye moto.

Kaurivi alipiga funda la maji akampulizia Shikwambi usoni, kama anavyofanyiwa mgeni mkubwa. Kijana wa watu akafumba macho akavumilia. Kisha mzee akawaambia wazee wake, kwa majina, kwamba huyu ndiye aliyetumwa na serikali kuhusu ardhi yenu, msikilizeni.

"Haya, sema," alimwambia Shikwambi.

Shikwambi alijifuta uso. Nadhani alitaka tu kumfurahisha mzee wa watu. "Mzee, shamba ni lenu," alisema. "Kilichobaki ni barua."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na ni kosa ambalo lisingetokea kwa mwenyeji asiye Mherero. Shikwambi alisema maneno ya ofisini, yale yanayosemwa ili mtu aondoke na moyo mweupe. Kaurivi alisikia kiapo. Neno lililotamkwa mbele ya moto, na mtu aliyelowa maji ya kinywa cha mwenye moto, halirudi nyuma. Barua kwake ilikuwa kama risiti, ambayo hata ikichelewa mali umeshapewa.

Ukapita mwezi wa sita na wa saba. Mwezi wa nane wakafa ng'ombe watatu kwa wiki moja, na asubuhi moja Kaurivi aliita, "Jakurama, njoo ukae."

Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kukunja, kofia magotini. Alikuwa amekonda kama ng'ombe wake.

"Wazee wananiuliza," alisema. "Niliwaambia shamba limerudi. Wanauliza, mbona hamji? Nimekuwa mwongo mbele yao, mimi, kwa umri huu."

"Baba, barua haijafika."

"Neno limefika."

"Ofisini walisema wazi. Aingiaye kabla ya barua jina lake linakatwa. Limeandikwa kwenye karatasi, nilikusomea."

"Nani anaingiza ng'ombe? Ng'ombe watabaki barabarani kama walivyo. Nahamisha moto tu. Moto unatangulia, mifugo inafuata, ndivyo tunavyohama sisi. Au umesahau?"

"Sijasahau. Lakini kwa serikali mtu akilala mahali ameingia, awe na ng'ombe asiwe naye."

"Unaiogopa serikali kuliko baba zako."

"Naiogopa kwa sababu ndiyo yenye funguo!"

Aliposema hivyo mzee aligeuka akaangalia zizi. Jakurama aliona machozi kwenye macho ya baba yake, na hakuwa amewahi kuyaona, hata walipomzika kaka yake, mwana pekee wa kiume. Moyo ukamlegea. Hilo ndilo neno lenyewe: hakushawishika, moyo ulimlegea. Alijua wanachokihatarisha. Miaka sita ya kusubiri, ng'ombe waliosalia, jina lililo juu ya orodha. Akasema liwalo na liwe.

Alivaa gauni lake refu la sherehe na kilemba chenye pembe mbili, akatia kijinga na makaa kwenye chungu cha chuma chenye majivu, akakibeba. Baba yake alitangulia na fimbo. Kilomita kumi na moja kwa miguu, na kila walipopumzika alipuliza makaa yasilale. Magari yaliwapita yakiwapigia honi.

Petrus aliwaona wakija akasimama katikati ya lango na kutanua mikono.

"Mzee, mnakwenda wapi? Na chungu cha nini, mnapika?"

"Fungua, kijana. Nakwenda kwa baba yangu."

Petrus alichungulia ndani ya chungu, akamtazama Jakurama na gauni lake, akavua kofia bila kuambiwa. Alifikiri sana. Hata kwao kaskazini watu wana wazee wao.

"Mimi niliagizwa nizuie watu wenye ng'ombe, wenye mbuzi, wenye mahema na wenye mashoka," alisema. "Moto sikuagizwa. Lakini dada, akija bosi, mimi nilikuwa chooni."

"Wewe huwa uko chooni siku zote, Petrus."

"Ndiyo maana wananiamini."

Kaurivi aliuweka moto chini ya kilima, karibu na makaburi, akauelekeza mahali ambapo zizi lingejengwa. Alipiga magoti kwa shida. Aliwaambia wazee wake kwamba amefika. Halafu wakakaa, yeye na binti yake, chini ya turubai lililofungwa kwenye mgunga, na kwa siku kumi na nane Kaurivi alikuwa mtu mwingine. Alikula. Alitembea akimwonyesha Jakurama, hapa palikuwa na kisima, hapa nilivunjika mkono, hapa mama yangu alikuwa akikamua. Usiku hakukohoa. Jakurama aliamka kila alfajiri kuuamsha moto katikati ya nyasi zinazomfika kiunoni, kisha akavuka lango kwenda kupokea ng'ombe kwa jirani aliyewalaza, akawalisha barabarani kutwa nzima. Ilikuwa kichekesho cha kuudhi, mwenye nyumba kalala ndani na mali yake iko nje. Lakini alikuwa na furaha, na aliiogopa furaha hiyo.

Siku ya kumi na tisa Shikwambi alifika kwa gari la serikali akiwa na polisi mmoja. Mtu aliyekuwa wa pili kwenye orodha alikuwa ameona moshi akapeleka taarifa.

Shikwambi hakuwa mkali. Angekuwa mkali ingekuwa rahisi zaidi. Alimvuta Jakurama pembeni.

"Mama, mmenifanyia nini? Barua imeshasainiwa. Iko njiani, nakuapia. Na mzee anakwenda kuwasha moto kwenye ardhi ya serikali!"

"Wewe ndiye ulimwambia ni yake."

"Nilimwambia kwa… nilimwambia kama binadamu, mama." Alikunja uso. "Sikiliza. Nikiandika kwamba nimekuta makazi hapa, jina linakatwa leo leo. Nikiandika kwamba nimekuta moto wa wapita njia, nikauzima, basi, hakuna kesi. Lakini lazima uzimwe kweli. Lazima nipige picha ya majivu."

"Tutauhamisha. Tutaurudisha kwenye chungu."

"Mkiondoka na chungu, huyu askari ataandika mmehama na mtarudi nao. Mwenzenu wa pili kwenye orodha ana ndugu ofisini. Anataka kitu kimoja tu cha kushika." Alishusha sauti. "Uzimwe, mama. Mbele yetu. Halafu wiki ijayo mnakuja na barua mnawasha mingine hata kumi."

Mingine hata kumi! Jakurama alitamani kumzaba kofi. Moto ukifa wenyewe kwa mvua au kwa uzembe, mzee huomba radhi, huuwasha tena kutoka kwa ndugu. Lakini moto uliozimwa makusudi na mkono wa binti anayeutunza, radhi yake inaombwa kwa maneno gani? Hakuwahi kusikia jambo hilo likitokea.

Alikwenda kwa baba yake akamweleza yote bila kuficha. Kaurivi alisikiliza huku akitazama makaa.

"Mimi siwezi," alisema mzee.

"Najua, Baba."

"Wala sikutumi."

"Najua."

"Basi kwa nini umesimama?"

Alikuwa amesimama kwa sababu aliwaona ng'ombe kumi na sita kule kwenye lami, na aliona nyasi. Aliona kwamba jina likikatwa leo, baba yake atakufa barabarani, na yeye baada yake. Moto utabaki bila ng'ombe, na moto usio na ng'ombe ni wa nini? Alichukua dumu la maji ya kunywa. Maji ya kwanza yalimwagika kando, juu ya gauni lake. Ya pili yakaingia. Moto ulilia kidogo, mvuke ukapanda, ukanukia majivu mabichi. Aliendelea kumimina mpaka dumu likaisha, maana Shikwambi alikuwa akiangalia na kaa moja lilikuwa bado jekundu.

Shikwambi alipiga picha mbili. Alimpa Jakurama mkono, na Jakurama hakuupokea.

Wiki iliyofuata barua haikuja. Wala mwezi uliofuata.

Nyumbani kijijini, majirani waliokuja asubuhi kumsalimu mzee walifika, wakatazama mahali pa moto, wakakosa pa kukaa. Wengine walijifanya wana haraka. Mjomba mmoja alileta kijinga kutoka kwake, Kaurivi akakikataa kwa upole. "Nimeshawadanganya wazee mara mbili," alisema. "Nitauwasha kule, barua ikija. Siwashi tena hapa." Hakumlaumu binti yake hata siku moja. Jakurama alingoja alaumiwe, akangoja kama anavyongojewa mvua, maana lawama angejua la kufanya nayo. Kila alfajiri mwili wake uliamka wenyewe, miguu ikaenda mpaka mlangoni, ikakumbuka, ikarudi.

Mwezi wa kwanza kikohozi kilirudi na homa juu yake. Kaurivi alilala siku tisa. Siku ya mwisho aliuliza, "Imekuja?" Jakurama akasema, "Bado, Baba." Angeweza kusema imekuja. Alifikiri juu ya jambo hilo baadaye, mara nyingi. Lakini katika nyumba ile uwongo ulikuwa umeshatosha.

Aliomba ruhusa ofisini azikwe Kameelwater, kando ya baba yake. Ofisini wakasema ombi la kuzika linakwenda Windhoek. Maiti haisubiri. Walimzika kijijini, kwenye mchanga.

Barua ilifika mwezi wa tatu. Ilikuwa nzuri, karatasi nzito, muhuri, saini. Shamba la Kameelwater, kitalu A, anapewa bwana Kaurivi, aingie ndani ya siku tisini akiwa na hati hii na kitambulisho chake. Jakurama alikwenda nayo mjini. Shikwambi alikuwa amehamishwa. Kwenye meza yake alikaa binti mmoja mwenye kucha ndefu, mstaarabu kabisa.

"Pole sana, mama," binti alisema baada ya kusoma cheti cha kifo. "Lakini huyu alikuwa mwombaji, hakuwa bado mmiliki. Ombi halirithiwi."

"Maana yake?"

"Unaomba upya. Kwa jina lako. Kamati itaketi." Alimsogezea fomu. "Na mama, nakushauri kama mzazi wangu. Usiingie mle kabla ya majibu. Hata kupita tu. Kuna taarifa ya zamani hapa kwenye faili kuhusu moto. Ikijirudia, hawatakuangalia mara mbili."

Jakurama aliijaza fomu palepale, amesimama. Angefanya nini? Ng'ombe walikuwa wamebaki saba.

Kesho yake alikuwa nao kwenye ukanda wa lami. Mvua zilikuwa zimenyesha kidogo, na ndani ya ua nyasi mpya zilikuwa zimeanza kuota katikati ya zilizooza. Petrus alikuja mpaka kwenye nyaya. Alikuwa amesikia.

"Dada," alisema. Hakutania. "Ingia. Nakufungulia. Ingia tu ukawaambie wazee wako kwamba mtoto wao amefariki. Dakika tano. Nani atakuona?"

Jakurama alishika waya. Kutoka pale kilima kilionekana vizuri, na mawe ya makaburi, na doa jeusi dogo mbele yake. Hakuna aliyekuwa amewaambia. Nyumbani hapakuwa na moto wa kuwaambia, wala mzee wa kusema. Walikuwa wamekaa mle wakimngoja Kaurivi, wakidhani yu njiani.

"Siwezi," alisema. "Nikiingia, jina linakatwa."

"Hata kwa hilo?"

"Hata kwa hilo."

Lori lilipita, ng'ombe wakashtuka wakajikusanya. Aliwatuliza, kisha akarudi kwenye nyaya. Alijua anachotaka kukisema hakijawahi kusemwa katika ukoo wao, na aliona aibu, lakini alikisema.

"Wewe una ruhusa ya kuingia, Petrus."

"Ndiyo kazi yangu."

"Basi nenda wewe. Simama upande wa chini wa makaburi, usikanyage kati ya mawe na pale palipokuwa na moto. Vua kofia. Wataje kwa majina, Muniovina kwanza, halafu Tjozongoro. Waambie Kaurivi amefariki mwezi wa kwanza kwa kifua. Waambie amezikwa kijijini, hakuwakimbia. Na waambie moto niliuzima mimi, siyo yeye."

Petrus alirudia majina mara tatu mpaka yakakaa vizuri mdomoni. Alichomekea shati lake la ulinzi, akavua kofia, akapiga hatua chache, akageuka.

"Wakiuliza mnakuja lini, niwajibuje?"

Jakurama alifungua mdomo. Majibu ya ofisini alikuwa nayo mengi, angeweza kumpa yoyote.

"Usiwadanganye," alisema. "Waambie sijui."

Petrus aliondoka akipita katikati ya nyasi. Alifika, akasimama mahali alipoelekezwa, kofia mkononi. Jakurama aliona kichwa chake kikiinama na kuinuka. Aliongea kwa muda mrefu kuliko maneno aliyopewa, na Jakurama, akilia sasa bila kujificha, hakuweza kusikia alichokuwa akiwaambia.